KOKI YA AKIBA IRUDISHWE MAHALI PAKE

Mazungumzo ya waendesha pikipiki wa kijiji mbele ya wanakisomo na wanakijiji wenzao

 

Leo hatukuja kuzungumza juu ya mbolea wala juu ya choo bora. Hayo mmekwisha kuyasikia, na yataendelea kusemwa kwa sababu yana faida. Sisi tumekuja na kitu kidogo tu, ambacho hakizidi kidole cha mtu mzima. Kitu hicho ni koki ya mafuta ya pikipiki.

Huenda mtu akasema, "Mimi sina pikipiki. Koki inanihusu nini?" Inakuhusu, ndugu. Nani hapa hajapanda pikipiki kwenda sokoni au kumpeleka mgonjwa usiku? Abiria naye inafaa aijue koki hii. Mtasikia kwa nini.

Jambo lililotupata

Tuanze na kisa. Kisa hiki ni chetu wenyewe, hatukukisikia kwa watu. Kijiweni petu tuko waendeshaji 14, lakini pikipiki ni 9. Maana yake ni kwamba baadhi ya pikipiki zina watu wawili. Mmoja anaendesha mchana, mwingine usiku.

Usiku mmoja wa masika alikuja mama mmoja, amembeba mtoto wa miaka 3. Mtoto alikuwa na homa kali, na jioni ile alishikwa na degedege. Mganga wa zahanati yetu alikuwa amekwisha kumwandikia mama huyo karatasi ya kwenda kituo cha afya. Kutoka kwetu mpaka huko ni kilomita 27. Mwenzetu wa zamu ya usiku alitikisa tangi, akasikia mafuta yanacheza. Akasema moyoni, "Yatafika. Na yakikatika, akiba ipo." Akawasha, wakaondoka.

Walipofika kilomita ya 16, porini, injini ikaanza kukohoa. Mwenzetu hakushtuka. Aliteremsha mkono wa kushoto chini ya tangi, aigeuze koki kwenye akiba. Mkono ukaikuta koki imekwisha kugeuzwa! Ilikuwa kwenye akiba tangu juzi yake. Kumbe ile akiba aliyoitegemea ndiyo aliyokuwa akiitumia njia nzima.

Injini ikazimika, na taa nayo ikafa. Mama akauliza, "Mwanangu, tumefika?" Mwenzetu akajibu, "Bado, mama. Mafuta yamekwisha."

Mama hakusema neno. Alishuka, akamfunga mtoto vizuri mgongoni, akaanza kutembea. Mwenzetu akasukuma pikipiki nyuma yake. Walitembea saa nzima gizani, ndipo lori la mchanga likawakuta na kuwabeba. Mtoto alitibiwa akapona, na leo anacheza na wenzake. Tunamshukuru Mungu. Lakini kule kituoni mama aliambiwa kwamba mtoto mwenye degedege hapaswi kucheleweshwa hata kidogo. Saa ile moja tuliipoteza sisi.

Kesho yake tulikaa kikao. Swali la kwanza lilikuwa hili: nani aliiacha koki kwenye akiba? Wa mchana akasema, "Mimi niliikuta hivyo." Wa usiku akasema hivyo hivyo. Tukabishana mpaka mzee mmoja aliyekuwa akitusikiliza akatuuliza, "Ninyi nyote 14, nani ameitazama koki yake asubuhi ya leo? Anyoshe mkono." Hakuna mkono ulionyoshwa. Hapo tukanyamaza. Tulijua kwamba kosa lilikuwa letu sote.

Akiba iko wapi?

Watu wengi hudhani kwamba tangi la pikipiki lina vyumba viwili, kimoja cha mafuta ya kawaida na kingine cha akiba. Sivyo. Tangi ni moja na mafuta ni yale yale.

Chukueni mfano wa ndoo. Itoboe ndoo ubavuni matundu mawili. Tundu moja liwe chini kabisa, karibu na kitako. Tundu la pili liwe juu ya lile la kwanza kwa vidole vinne. Ziba la chini, acha la juu wazi, kisha jaza maji. Maji yatatoka kwa tundu la juu mpaka yashuke usawa wa tundu lile. Hapo yatakoma. Je, ndoo ni tupu? Hapana. Yamebaki maji ya vidole vinne. Sasa fungua tundu la chini, nayo yatatoka.

Koki ya pikipiki inafanya kazi namna hiyo hiyo. Ndani ya tangi, juu ya koki, umesimama mrija mwembamba. Koki ikiwa mahali pa kawaida, mafuta huingilia juu ya mrija huo. Yakishuka chini ya mdomo wa mrija, injini inakohoa. Ukigeuza koki kwenye akiba, mafuta huingilia tundu la chini.

Sasa fikirini. Kama tundu la chini liko wazi tangu mwanzo, itakuwaje? Maji yatatoka yote mpaka mwisho bila kukoma hata mara moja. Hakuna atakayekuambia kwamba yanakaribia kuisha. Basi koki iliyosahauliwa kwenye akiba haina akiba tena. Kazi ya akiba ni kukuonya. Ukiiacha wazi, umemfukuza mlinzi wako mwenyewe.

Herufi tatu za kuzijua

Sisi tuliojifunza kusoma ukubwani tunajua thamani ya herufi. Itazame koki ya pikipiki yako. Iko chini ya tangi, mara nyingi upande wa kushoto. Utaona maandishi ya Kiingereza ya aina tatu.

ON ni mahali pa kawaida. Uendeshapo kila siku, koki ikae hapo.

RES ni akiba.

OFF ni kufungwa. Mafuta hayapiti kabisa.

Usikariri kwamba "chini ni ON" au "juu ni RES." Pikipiki hazifanani. Ya jirani yako inaweza kuwa kinyume cha yako. Soma maandishi, kisha tazama ncha ya koki inaelekea wapi. Kama maandishi yamefutika, mwulize fundi, halafu tia alama kwa rangi ya kucha. Sisi tumetia alama nyekundu kwenye RES. Hata gizani, ukimulika kwa simu, unaiona.

Siku hizi ziko pia pikipiki ambazo mafuta yake husukumwa na pampu ya umeme iliyo ndani ya tangi. Nyingi ya hizo hazina koki ya akiba. Zina taa au geji ya kuonya. Pampu hiyo hupozwa na mafuta yenyewe. Mtu anayeendesha kila siku tangi likiwa karibu tupu, anaiua pampu yake.

Akiba yako ni kilomita ngapi?

Hapa ndipo hesabu tulizojifunza zinapofanya kazi. Chukua daftari na kalamu.

Kwanza, jaza tangi mpaka juu. Andika namba ya mita. Tuseme ni 12,340. Endesha siku mbili au tatu, kisha jaza tena mpaka pale pale. Tuseme mita sasa inasoma 12,500, na zimeingia lita 4. Toa: 12,500 kutoa 12,340 ni 160. Gawanya: 160 kwa 4 ni 40. Basi lita moja inakupeleka kilomita 40.

Pili, siku moja acha koki kwenye ON, uendeshe karibu na kituo cha mafuta mpaka injini ikohoe. Geuza RES, nenda moja kwa moja sheli, ujaze. Tuseme kitabu cha pikipiki kinasema tangi lako ni la lita 11, na zimeingia lita 9 na nusu. Basi ilikuwa imebaki lita 1 na nusu. Hiyo ndiyo akiba yako. Mara 40, ni kilomita 60.

Je, uzitegemee zote 60? Hapana. Mafuta mengine hubaki chini ya tangi wala hayatoki. Tope, mlima na mzigo hula mafuta zaidi. Sisi tunahesabu nusu tu. Kwa pikipiki hiyo tunasema akiba ni kilomita 30. Kama sheli iko kilomita 45, akiba peke yake isitumainiwe kukufikisha.

Anayenunua lita moja moja

Sasa tuseme jambo ambalo sisi wenyewe tuliona haya kulisema. Kwa nini koki zetu zilikuwa kwenye RES? Tulisingizia kusahau. Tulipochunguza tukaona kusahau ni nusu tu ya sababu. Nusu nyingine ni umaskini wa kununua kidogo kidogo.

Asubuhi huna pesa. Unanunua lita moja ya chupa. Unafanya kazi, unapeleka hesabu ya tajiri, zinabaki pesa za unga na za lita nyingine moja. Kesho vivyo hivyo. Akiba ya tangi ni lita 1 na nusu. Basi mafuta yako hayafiki hata siku moja kwenye mdomo wa ule mrija. Ukirudisha koki ON, injini inazimika. Inakubidi uiache RES. Maana yake mtu huyu anaishi ndani ya akiba kila siku, mwezi mzima, mwaka mzima.

Ninyi wakulima mnalijua jambo hili. Mtu akila mbegu, mwakani atapanda nini? Mkulima hufunga mbegu zake na kuzitundika juu ya moshi, hata kama ghala limepungua. Akiba ya tangi ni kama mbegu hizo. Unainunua mara moja tu. Ukiisha kuitia, inakaa humo. Kila siku unatumia mafuta yaliyo juu yake.

Tukaamua hivi. Kila mmoja wetu aliweka pesa kidogo kila siku kwa wiki mbili. Pesa zilipotosha, akanunua lita 2 juu ya zile za kazi, akazimimina tangini. Wengine walinung'unika: "Lita 2 zimekaa bure!" Hazikukaa bure. Tangu siku hiyo anaendelea kununua lita yake moja moja kama zamani, lakini koki yake iko ON. Matumizi yake ya kila siku hayakuongezeka. Kilichoongezeka ni usalama tu.

Injini ikikohoa njiani

Jizoeze kuigusa koki kwa mkono wa kushoto bila kuitazama. Jizoeze pikipiki ikiwa imesimama, umefumba macho. Barabarani macho yabaki mbele.

Injini ikikohoa, usianze kulipita lori, na kama ulikuwa umeanza, rudi nyuma yake. Sogea pembeni. Geuza koki RES. Ngoja kidogo, mafuta yateremke kwenye kabureta. Kisha endesha taratibu. Usipige resi wala usipakie mzigo mwingine. Usizime injini mteremkoni eti unaokoa mafuta. Injini iliyo kwenye gia inasaidia breki, na taa za pikipiki nyingi hutegemea injini. Mwambie pia abiria wako ukweli: "Tumeingia akiba. Tunapitia sheli kwanza."

Na mjue pia kwamba pikipiki nyingi zina koki upande wa nyuma wa tangi. Ukishuka mteremko mkali na mafuta ni machache, yanakimbilia mbele. Injini inaweza kukohoa kwenye mteremko, halafu ikatulia kwenye tambarare. Hiyo nayo ni dalili ya mafuta kupungua.

Pengine si mafuta

Wakati mwingine injini huzimika na tangi lina mafuta. Tazameni mambo matatu.

La kwanza, koki iko OFF. Kabureta huhifadhi mafuta kidogo, kwa hiyo pikipiki huwaka, ikaenda mbali kidogo, kisha ikazimika. Wengi wameita fundi kwa sababu hiyo!

La pili, tundu la kupumulia la kifuniko cha tangi limeziba kwa vumbi. Hewa isipoingia, mafuta hayatoki. Fungua kifuniko. Ukisikia hewa inavutwa, na pikipiki ikawaka baada ya hapo, safisha tundu hilo.

La tatu ni maji na uchafu. Maji ni mazito kuliko petroli, kwa hiyo hulala chini, pale pale akiba inapochukuliwa. Koki isiyogeuzwa RES mwaka mzima, siku utakapoigeuza inaweza kukuletea kutu na maji, na kabureta ikaziba. Kwa hiyo mara moja kwa mwezi, tangi likiwa na mafuta mengi, endesha kidogo kwenye RES uone kama inapitisha vizuri. Kisha rudisha ON. Kama koki yako ina kikombe chini yake, fundi akisafishe.

Yakiisha kabisa

Kama akiba nayo imekwisha, pengine yapo matone upande wa pili wa tangi. Tangi limeipanda fremu kama tandiko juu ya punda, na mafuta ya upande usio na koki hubaki kwake. Zima moto wa sigara na kibatari kilicho karibu. Funga kifuniko vizuri. Laza pikipiki upande wa koki, kisha iinue. Mafuta yatavuka. Yaweza kukupeleka kilomita chache.

Mwenzako akikupa mafuta, usiyavute kwa mdomo kwa mpira. Petroli ikiingia mapafuni huyaharibu vibaya, na imewahi kuua watu. Mtu akiimeza, asilazimishwe kutapika. Apelekwe kituo cha afya haraka. Ni afadhali kuchomoa mpira wa mafuta chini ya koki na kukinga kwa chupa. Na petroli isiwekwe nyumbani mnamopikwa na kulala watoto.

Masharti ya kijiwe chetu

Masharti yetu ni manne, na yameandikwa kwenye ubao kijiweni.

1. Anayekabidhi pikipiki na anayeipokea waitazame koki pamoja. Iwe ON.

2. Ukigeuza RES, kazi inayofuata ni kutia mafuta. Ukiisha kutia, rudisha ON kabla hujalipa pesa.

3. Akiba ya lita 2 isiguswe ila kwa dharura.

4. Kila usiku pikipiki mbili zilale na mafuta ya kwenda kituo cha afya na kurudi. Ni kilomita 54.

Ndugu zetu, abiria naye ana kazi yake. Kabla ya kupanda, hasa usiku, hasa na mgonjwa, uliza. Usione haya. Kijana mwema hatakasirika.

Yule mama wa kisa chetu bado anapanda pikipiki zetu. Hakutusuta hata siku moja. Lakini tangu usiku ule, kabla hajapandisha mguu, humtazama kijana usoni na kumwuliza, "Mwanangu, koki iko wapi?" Nasi humwinamishia pikipiki, tukamulika, akaisoma mwenyewe. Amesoma kisomo, anazijua herufi. Akiona ON, anapanda.



Maswali ya kuzungumza darasani

1. Kwa nini koki iliyoachwa kwenye RES haina akiba tena?

2. Pikipiki ilikwenda kilomita 135 kwa lita 3. Lita moja inakwenda kilomita ngapi?

3. Kijijini kwenu, mgonjwa akizidiwa usiku, ni pikipiki gani ina mafuta ya kumfikisha? Nani ana kazi ya kulihakikisha jambo hilo?